Namba Kwanza, Kitendo Baadaye

Ankara ni ya randi 1,150. Mfanyabiashara aliyeileta anataka kujua humo ndani VAT ni kiasi gani, na tayari amekwisha kujipigia hesabu kwenye simu: amechukua asilimia 15 ya 1,150, akapata 172.50. Mzee aliyeketi mbele ya kompyuta hamkatizi. Anaandika 1150, kisha 15, kisha alama ya kuzidisha. Skrini inaonyesha 17250. Anaandika 115, kisha alama ya kugawanya. Skrini inaonyesha 150. Hapo ndipo anapoigeuza kompyuta ili mwenye ankara aone, na kumweleza polepole kwamba bei hii imekwisha kubeba kodi yake, kwa hiyo haigawanywi kwa mia. Inagawanywa kwa mia na kumi na tano. Randi 1,000 ni ya mali, 150 ni ya serikali.

Hayo nimeyaona mara nyingi katika chumba kidogo cha Yeoville, Johannesburg, hatua chache kutoka soko la Mtaa wa Rockey, mahali ambapo Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Dar es Salaam na cha Mombasa hukutana mchana kutwa. Mimi mwenyewe huenda pale na ankara zangu, lakini nikihudumiwa siondoki. Hubaki nikitazama mikono ya yule mzee ikifanya kazi.

Kikokotoo anachotumia hakina alama ya sawasawa. Hakina mabano pia. Ukikifungua, unaona dirisha jeusi lenye mistari michache ya namba, na chini yake nafasi ya kuandikia. Mwenyewe alikiandika kwa lugha ya Python, jioni baada ya jioni. Amezaliwa Lubumbashi, na ujana wake aliumalizia katika kazi ya vipimo migodini Katanga. Huko ndiko alikojifunza kukokotoa kwa HP-41C, mashine ya mkononi iliyotoka mwaka 1979. Mashine ile haipo tena mikononi mwake, lakini namna yake ya kufikiri imebaki, na ndiyo aliyoijenga upya ndani ya kompyuta.

Namna yenyewe ni hii. Katika kikokotoo cha kawaida unaandika mbili, jumlisha, tatu, sawasawa. Katika hiki unaandika mbili, tatu, jumlisha. Namba hutangulia, kitendo hufuata. Kila namba unayoandika hukaa juu ya iliyotangulia, kama sahani zinavyopangwa kabatini: iliyowekwa mwisho ndiyo huchukuliwa kwanza. Mpangilio huo mzee huuita mrundo. Ukiandika alama ya kujumlisha, mashine huchukua namba mbili za juu, huzijumlisha, na kuliweka jibu palepale juu. Jibu hilo sasa ni namba kama nyingine yoyote, tayari kwa kazi inayofuata.

Tuchukue hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi angeiandika kwa mabano: tatu jumlisha nne, zidisha kwa tano jumlisha mbili. Mzee anaandika 3, 4, kujumlisha, saba inakaa. Anaandika 5, 2, kujumlisha. Saba nyingine inakaa juu ya ile ya kwanza. Kisha anazidisha. Arobaini na tisa. Hakuna mabano yaliyofunguliwa yakasahauliwa kufungwa, wala hakuna jibu la katikati lililoandikwa pembeni kwenye karatasi. Saba ya kwanza ilikuwa ikingoja mahali pake, mbele ya macho.

Nilipoanza kujifunza niliona ni kinyume. Nikamwambia, "Mzee, mbona tunaanzia nyuma?" Akanijibu bila kuinua macho: "Weka kwanza vitu mezani, mwanangu. Kisha useme unataka vifanywe nini."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiusikiliza Kiswahili chenyewe kwa sikio jingine. Sisi husema vitabu, halafu ndipo tuseme vikubwa, vyangu, vile, vitatu. Jina hutua kwanza, sifa na hesabu zikalifuata. Msikilizaji anakuwa tayari amevishika vitabu kabla hajaambiwa ni vya nani na viko vingapi. Mpishi naye hufanya vivyo hivyo: unga, maji na chumvi huwekwa pamoja kwanza, ndipo tuseme kanda. Kwa mtu aliyekulia katika lugha hii, mrundo wa namba unaongojea kitendo si jambo geni kama linavyoonekana siku ya kwanza.

Asili ya mtindo huu iko Poland. Miaka ya 1920 mwanamantiki Jan Łukasiewicz alionyesha kwamba mabano hayahitajiki iwapo alama ya kitendo itatangulizwa mbele ya vitu vinavyotendewa. Baadaye wengine waligeuza mpangilio huo, kitendo kikawekwa mwisho; mwanafalsafa wa Australia Charles Hamblin alikuwa miongoni mwa walioufikisha kwenye kompyuta, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya Hewlett-Packard iliutia katika mashine ya mezani HP 9100A mwaka 1968, na mwaka 1972 katika HP-35, kikokotoo cha kisayansi kilichoingia mfukoni, kilichouzwa dola 395 na kupewa jina kutokana na idadi ya vitufe vyake. HP-12C ya watu wa fedha ilitoka mwaka 1981, na kwa miongo mingi imeendelea kutengenezwa karibu bila kubadilika umbo.

Upande wa programu, Robert Morris na Lorinda Cherry wa Bell Labs waliandika kikokotoo kiitwacho dc, kongwe kuliko hata lugha ya C, na jina lake ni kifupi cha kikokotoo cha mezani. Hadi leo kinapatikana kwenye kompyuta za Linux. Anayetaka kuonja mtindo huu bila kununua chochote aanzie hapo. Andika 3 4 + p, nacho kitakuchapia saba.

Mzee alianzia hapohapo, kisha akataka chake. Nilipomuuliza kwa nini, alinifungulia programu yake nikaisoma mstari kwa mstari. Ndipo nilipoelewa kwa nini Python ilimfaa. Katika lugha hiyo mrundo ni orodha ya kawaida tu. Kuna amri ya kuongeza kitu mwishoni mwa orodha na amri ya kukitoa kutoka mwishoni humohumo. Hizo mbili zinatosha kuwa kabati la sahani. Halafu kuna muundo ambao katika Python huitwa kamusi, unaofunga neno na maana yake. Katika kamusi hiyo amefunga kila neno na kazi yake, na maneno aliyochagua ni ya Kiswahili. Nakili huongeza nakala ya namba ya juu. Badili hupindua mbili za juu. Tupa huiondoa ya juu. Mzunguko unaoendesha yote ni mfupi: soma kilichoandikwa, kama ni namba kiweke kwenye mrundo, kama ni neno litafute kwenye kamusi ulitende.

Kitu kimoja alikifanyia subira ya pekee. Kompyuta huhifadhi desimali kwa msingi wa mbili, na kwa sababu hiyo ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Kwa mwanafizikia hilo ni vumbi. Kwa mtu anayeshughulika na senti za watu, vumbi hilo likikusanyika linakuwa ugomvi. Kwa hiyo namba zote za kikokotoo hiki hupitia maktaba ya desimali ya Python, inayohesabu kwa msingi wa kumi kama daftari la mwenye duka. Sehemu ya kumi na sehemu mbili za kumi hutoa sehemu tatu za kumi, basi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa hata sehemu ndogo ya senti imewekewa daftari lake.

Lakini uzuri mkubwa uko katika maneno mapya. Kikokotoo hiki hufundishika. Unaandika nukta mbili, jina la neno jipya, hatua zake, kisha nukta mkato. Mtindo huu mzee aliutoa kwa Forth, lugha ya Charles Moore. Ile hesabu ya VAT niliyoanza nayo haiandikwi tena hatua kwa hatua. Imekuwa neno moja, chambua, nalo limeundwa hivi:

: kiwango 15 ;
: chambua kiwango * kiwango 100 + / ;

Lisome taratibu. Bei imekwisha kaa kwenye mrundo. Kiwango kinaleta 15, tunazidisha. Kiwango kinaleta 15 tena, tunaleta 100, tunajumlisha, tunapata 115. Tunagawanya. Siku hizi mzee anaandika 1150 chambua, na 150 inatokea.

Kwa nini 15 haikuandikwa moja kwa moja ndani ya chambua? Jibu lilikuja mwaka 2025. Mwezi Machi Waziri wa Fedha wa Afrika Kusini, Enoch Godongwana, alitangaza kwamba VAT ingepanda hadi asilimia 15.5 kuanzia tarehe 1 Mei. Tarehe 24 Aprili, siku chache kabla ya kuanza, hazina ikatangaza kwamba nyongeza hiyo imeondolewa. Ilikuwa miezi ya mashaka kwa kila mwenye duka. Chumbani mle, kazi ilikuwa mstari mmoja. Mzee aliandika 15.5 mahali pa 15, na maneno yote yanayotegemea kiwango yakafuata. Amri iliporudi nyuma, aliandika 15 tena. Fundi huonekana hapo: alijua kitu gani katika hesabu yake hubadilika na kipi hakibadiliki, akavitenga kabla hajalazimishwa.

Wazo la mtu kuifundisha mashine maneno yake mwenyewe lina mizizi karibu kabisa na chumba hiki. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928 na akasoma hisabati hapa Johannesburg, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kabla ya kwenda Cambridge na hatimaye MIT. Mwaka 1967 yeye na wenzake, wakiwemo Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Katika Logo mtoto huipa kompyuta neno jipya, na neno hilo huwa lake, akalitumia kujenga maneno makubwa zaidi. Papert aliamini kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiongoza kompyuta, na kwamba katika kuifundisha hujifunza kufikiri. Logo hutanguliza kitendo, kama Łukasiewicz. Kikokotoo cha mzee hukiweka mwisho. Njia ni mbili, imani ni moja.

Kuna neno jingine ninalolipenda: ujazo. Wafanyabiashara wengi wa hapa hupeleka mizigo Lubumbashi kwa barabara, kupitia Beitbridge, Harare, Lusaka hadi mpaka wa Kasumbalesa, na nafasi ndani ya lori huhesabiwa kwa mita za ujazo. Neno ujazo huchukua namba tatu, urefu, upana na kimo, likazizidisha. Siku moja nilikuwa nimekaa mimi kwenye kibodi, mzee akiwa pembeni. Maboksi yalikuwa 24, kila moja mita 0.6 kwa 0.4 kwa 0.5. Niliandika 24, nikaandika vipimo vitatu, nikaandika ujazo. Ikatokea 0.12. Nikaanza kuinakili kwenye fomu.

Mzee akaweka kidole kwenye skrini, chini ya jibu langu. Ile 24 ilikuwa bado imekaa kwenye mrundo, haijaguswa. "Huyu anangoja nini?" akauliza.

Nilikuwa nimesahau kuzidisha kwa idadi ya maboksi. Nikaandika alama ya kuzidisha, ikawa 2.88. Kikokotoo cha kawaida kisingeniambia kitu, kingenipa 0.12 kwa sauti ileile ya uhakika. Mrundo hausahau. Kila ulichoweka hubaki hadi ukitumie au ukitupe kwa mkono wako. Kazi ikiisha, mrundo unatakiwa uwe na jibu peke yake. Ukiona namba nyingine imebaki chini, kuna kitu ulikusudia kukifanya hukukifanya. Na ukiomba kitendo bila namba za kutosha, programu hukataa na kuandika kwamba mrundo hautoshi. Haibuni namba ya kujazia pengo.

Ndiyo maana mzee hutulia kabla ya kuanza. Mchezaji hodari wa bao hatii mkono shimoni kabla hajajua kete ya mwisho itaangukia wapi. Naye hutazama ankara nzima, huona ndani yake hesabu ipi imo ndani ya ipi, kisha huanza na ile ya ndani kabisa. Mikono ikishaanza haina haraka wala haisimami. Ukimkatiza katikati kwa salamu, hujibu, huongea, hurudi, hutazama mrundo, na kuendelea palepale.

Nilimwomba anionyeshe hesabu ya migodini. Johannesburg ilianzishwa mwaka 1886 juu ya mwamba wa dhahabu, na dhahabu hiyo hupimwa kwa gramu chache ndani ya tani nzima ya mawe, kwa hiyo mji huu tangu mwanzo umeishi kwa hesabu. Tuseme, akasema, tani 1,200 za mawe, gramu sita kwa kila tani, na kinu kinachopata asilimia 95. Akaandika 1200, 6, zidisha: 7,200, hizo ni gramu zilizomo mwambani. Akaandika 0.95, zidisha: 6,840, hizo ndizo zitakazotoka kinuni. Akaandika 31.1035, gawanya: 219.91, hizo ni aunsi, kwa kuwa aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1035. Kila namba ya katikati ilisimama juu ya mrundo kwa muda, ikaitwa jina lake, ikakaguliwa, ndipo ikaendelea.

Mwaka 1951, katika chuo kilekile alichosoma Papert, Danie Krige aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu ukadiriaji wa dhahabu katika migodi ya Witwatersrand. Alionyesha kwamba ukiamini sampuli za eneo dogo peke yake, utalikuza eneo lililoonekana tajiri na kulidunisha lililoonekana maskini. Makadirio bora huzingatia pia thamani ya maeneo yanayolizunguka. Mfaransa Georges Matheron aliijengea kazi hiyo nadharia na kuiita mbinu kwa jina la Krige, na hadi leo wanajiolojia duniani huitumia. Mzee aliponisimulia hayo alikuwa bado ameshika kibodi. Namba haisomwi peke yake, alisema. Husomwa pamoja na jirani zake. Nikatazama mrundo wake, kila namba ikiwa na nyingine chini yake, nikaelewa kwa nini hakuwahi kuridhika na skrini inayoonyesha namba moja tu.

Jumapili mchana huja watoto wa majirani. Kutoka Yeoville ukielekea mashariki, baada ya Bellevue, kuna kilima chenye mtaa uitwao Observatory, kwa sababu ya kituo cha kutazamia nyota kilichojengwa pale. Robert Innes, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo hicho, alitangaza mwaka 1915 ugunduzi wa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu. Mzee huwaambia watoto kwamba nyota hiyo huonekana kuhama kidogo sana angani Dunia inapolizunguka Jua, na kwamba kipimo cha kuhama huko ni takriban 0.768 ya sekunde ya nyuzi. Ukigawanya moja kwa kipimo hicho, kisha ukazidisha kwa 3.26, unapata umbali wake kwa miaka ya mwanga. Mtoto mmoja huandika: 1, 0.768, gawanya, 3.26, zidisha. Inatokea 4.24 na kitu kidogo. Mwanga unaotoka kule leo utafika hapa baada ya miaka minne na robo hivi, nao wamelijua hilo kwa vidole vyao wenyewe, wakiwa wamekaa chini ya kilima kilekile.

Kisha huwaachia walipe hesabu hiyo jina. Mara ya mwisho nilipokuwepo waliiita umbalinyota, na neno hilo limebaki kwenye kamusi ya kikokotoo, kati ya tupa na ujazo.

Kwa kijana anayejifunza Python leo, awe Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura au hapa Johannesburg, nina ombi moja. Kabla hujakimbilia programu kubwa, jitengenezee kikokotoo chako cha mrundo. Mistari mia moja inatosha. Tumia desimali za kweli, kifundishe kukataa pale namba zisipotosha, na maneno yake yaandike kwa Kiswahili, yale unayotumia wewe na wateja wako. Kisha kitumie kila siku kwa mwaka mzima, na kila ukimaliza hesabu, kabla hujaandika jibu, tazama chini yake kama kuna namba bado inangoja.